Usiku wa Saksofoni ya Plastiki: Maoni Kuhusu Hadhira na Msanii Mgeni

Waswahili husema kipya kinyemi, ingawa kidonda. Tulifunzwa methali hii tukiwa shule ya msingi, tukaikariri, tukaitungia insha, na sidhani kama kuna aliyethubutu kumwuliza mwalimu iwapo ni kweli. Katika uwanja wa sanaa naona kwamba aghalabu si kweli. Kipya huingia masikioni mwa wengi kikiwa kidonda kwanza. Unyemi, iwapo utakuja, huja baadaye na huja ukichechemea. Anayebeba gharama ya muda huo wa kati ni msanii, hasa msanii asiyejulikana bado.

Nimechagua kulijadili jambo hili kupitia usiku mmoja wa mbali. Tarehe 17 Novemba 1959, mpiga saksofoni mwenye umri wa miaka 29, Ornette Coleman, mzaliwa wa Fort Worth katika jimbo la Texas, alisimama kwa mara ya kwanza mbele ya wasikilizaji wa New York katika ukumbi mdogo wa Five Spot. Alikuwa amekwisha kurekodi santuri kadhaa huko Los Angeles, na waandishi wachache walikuwa wamekwisha kumtangaza kuwa ndiye atakayeigeuza jazi. Hata hivyo, katika muziki huo wakati huo, mtu alikuwa hajawa mtu mpaka New York imsikie. Kwa hiyo huo ndio uliokuwa mtihani wake mkuu, na watahiniwa, kama nitakavyoeleza, hawakuwa wale wanne waliokuwa jukwaani peke yao.

Huenda msomaji akajiuliza jazi ya Marekani inatafuta nini katika jarida la wanafunzi wa Kiswahili. Swali ni la haki. Wengi wetu neno lenyewe tulilipata kupitia majina ya bendi za dansi: OK Jazz ya Kongo, Morogoro Jazz, Tabora Jazz, Western Jazz. Katika bendi hizo saksofoni ilikuwa mtumishi wa miguu. Ililia ili watu wacheze. Jazi ninayoizungumzia hapa ilikuwa imekwisha kuacha kuchezwa. Watu waliketi wakasikiliza, wakabishana kuhusu walichokisikia kama sisi tunavyobishana kuhusu mashairi. Na kilichowagombanisha usiku ule kinafanana mno na jambo ambalo limewagombanisha washairi wa Kiswahili kwa zaidi ya nusu karne. Nitalifikia hilo baadaye.

Kwanza tueleze Coleman alifanya nini hasa, maana bila hilo hatutaelewa kwa nini watu walikasirika.

Katika jazi iliyotawala miaka hiyo, ile iliyojengwa na akina Charlie Parker na Dizzy Gillespie katika miaka ya 1940, wanamuziki walianza kwa kupiga lahani iliyotungwa mapema. Lahani hiyo ilikuwa na urefu maalumu, aghalabu wa vipande 12 au 32, na chini yake pakawa na mfuatano wa mafungu ya noti zinazolia pamoja, mfuatano ambao kila mwanabendi aliujua kwa moyo. Lahani ilipokwisha, mpigaji mmoja alijitokeza akatunga lahani nyingine papo hapo, huku wenzake wakiurudiarudia mfuatano uleule chini yake. Alikuwa huru, lakini kwa namna ambayo malenga katika malumbano yu huru: aseme atakalo, mradi kina kikae mahali pake na mizani itimie. Ustadi wake ulipimwa hapo hapo. Wajuzi waliokuwa wameketi mbele walijua kipande cha ngapi kimefika, na aliyepotea njia walimwona kama tunavyomwona mshairi aliyeghafilika akatia mizani tisa pahali pa nane.

Coleman aliipiga lahani mwanzoni na kuirudia mwishoni, kama ilivyokuwa desturi. Baina ya hapo, kwa kawaida hapakuwa na mfuatano wa kufuatwa wala idadi ya vipande ya kuhesabiwa. Piano, ala ambayo kazi yake kubwa ilikuwa kuulinda mfuatano huo, haikuwamo katika bendi kabisa. Lahani ndiyo iliyoamua iende wapi. Akienda yeye, mpiga besi Charlie Haden alimfuata kwa sikio. Akigeuka, Haden aligeuka naye. Don Cherry alipiga tarumbeta ndogo ajabu, ya kutiwa mfukoni, na Billy Higgins alikuwa kwenye ngoma akitabasamu muda wote. Hakuna hata mmoja kati ya hao watatu aliyekuwa amezidi umri wa miaka 23. Sauti ya saksofoni yenyewe ilikuwa kama ya mtu: ilikwaruza, ililia, ilipanda juu kidogo ya noti au kushuka chini yake kidogo. Aliyezoea kupima kwa mizani hakuwa na cha kupimia. Wajuzi wa mstari wa mbele, kwa ghafla, walikuwa sawa na mtu aliyeingia kutoka barabarani.

Naona hapa ndipo palipouma. Kusikia sauti usiyoipenda ni jambo dogo. Kupoteza mamlaka ya kuhukumu mbele ya watu wanaokujua kuwa hakimu ni jambo kubwa.

Lakini si kwamba Coleman alikuwa hajaonja hasira ya wasikilizaji kabla ya hapo. Mwishoni mwa miaka ya 1940, akiwa bado barobaro anayezunguka na bendi za dansi kusini mwa Marekani, alipigwa na kundi la watu nje ya ukumbi mmoja mjini Baton Rouge, Louisiana, na saksofoni yake ikaharibiwa. Huko Los Angeles alipata riziki kwa kuendesha lifti, akijifunza nadharia ya muziki kutoka vitabuni, na wanamuziki wenzake walikuwa wakishuka jukwaani alipopanda. Mwaka wa 1954 alihitaji saksofoni mpya, na kwa kuwa hakumudu bei ya ile ya shaba, alinunua ya plastiki nyeupe, aina ya Grafton, iliyotengenezwa Uingereza. Baadaye aliipenda sauti yake akabaki nayo. Ndiyo hiyo aliyokuja nayo New York.

Basi watu wakaiona. Na hili la plastiki lastahili tulitue kidogo, kwa sababu linafichua jambo kuhusu hadhira. Wapo walioingia Five Spot, wakaiona saksofoni nyeupe na tarumbeta ya mfukoni, wakahitimisha kwamba hawa wamekuja na vitu vya watoto vya kuchezea. Hukumu ilikwisha kutolewa kabla ya noti ya kwanza. Ilhali mnamo Mei 1953, katika tamasha mashuhuri la Massey Hall mjini Toronto, Charlie Parker mwenyewe, mfalme wa ala hiyo, alipiga saksofoni ya plastiki ya aina hiyohiyo. Hakuna aliyemwambia Parker kwamba ameleta kichezeo. Plastiki mkononi mwa mfalme ilikuwa ajabu ya kusimuliwa. Mkononi mwa mgeni ikawa ushahidi dhidi yake.

Tuingie ukumbini sasa. George Hoefer, aliyekuwa mwandishi wa jarida la Down Beat, alieleza mnamo Januari 1960 hali aliyoikuta. Kwa muhtasari, anasimulia kwamba wapo walioingia na kutoka kabla hawajamaliza kinywaji chao. Wapo waliokaa kama waliorogwa. Na wapo waliopiga soga na jirani zao mfululizo au kubishana wakiwa wameshikilia bilauri zao kwenye kaunta. Napenda sana ripoti hii, kwa kuwa mwandishi hakukimbilia kusema nani mshindi. Alitazama watu. Laiti wahakiki wetu wangetuachia picha za namna hii za hadhira za hapa kwetu! Tunazo tahakiki nyingi za matini na chache mno za nyuso za waliozisikiliza.

Katika fasihi simulizi tunafunzwa kwamba hadhira si gogo. Fanani huitazama, huibembeleza, hubadilisha usimulizi wake kulingana nayo. Tunafunzwa vilevile, katika nadharia ya upokezi, kwamba kila msomaji huijia kazi ya sanaa akiwa na kile Hans Robert Jauss, katika mhadhara wake wa mwaka wa 1967, alichokiita upeo wa matarajio. Five Spot ya 1959 ni mfano ambao Jauss angeufurahia. Watu wa New York hawakuwa wamelala. Mwaka huohuo Miles Davis alikuwa ametoa albamu ya Kind of Blue, ambayo nayo ilipunguza wingi wa mafungu ya noti ili lahani ipumue. Charles Mingus alikuwa ametoa Mingus Ah Um. John Coltrane alikuwa amerekodi Giant Steps, ambamo mafungu hayo yanapokezana kwa kasi ya kutisha. Na katika ukumbi uleule, majuma yaleyale, bendi nyingine mpya, Jazztet ya Art Farmer na Benny Golson, ilikuwa ikipokezana jukwaa na Coleman ikipiga muziki uliopangwa nadhifu, kila ala mahali pake. Msikilizaji alitolewa kwenye nyumba iliyofagiwa akaingizwa msituni bila kubadilisha kiti. Sishangai kwamba wengine walisimama wakaondoka.

Waliobaki je? Leonard Bernstein, kiongozi wa okestra ya New York Philharmonic, alimsifu waziwazi. John Lewis, mpiga piano wa Modern Jazz Quartet, alikuwa amemtetea tangu mapema, na mtunzi Gunther Schuller vilevile. Kwa upande wa pili, Miles Davis alitamka kwamba mtu apigaye namna ile, ukimchunguza nafsi, mambo yamevurugika ndani yake. Inasimuliwa hata kwamba mwanamuziki mmoja mwenye jina kubwa alimtwanga ngumi ya mdomo baada ya kumsikia. Mkataba wa majuma mawili ukarefushwa ukawa wa takriban miezi miwili na nusu, maana mabishano ni biashara nzuri kwa mwenye ukumbi. Kila aliyesikia kwamba kuna ugomvi alitaka kuuona.

Hapa ndipo ninapotofautiana na namna kisa hiki kinavyosimuliwa mara nyingi. Hugeuzwa kuwa ngano ya mema na mabaya: waliomsifu wakawa wenye maono, waliompinga wakawa vipofu. Mimi naona mstari wa kugawanya haupiti hapo. Unapita baina ya waliosikiliza na wasiosikiliza, na katika kila upande kuna wasifuji na wapingaji.

Nitoe mfano wa mpingaji ninayemheshimu. Roy Eldridge alikuwa mpiga tarumbeta mkongwe, mmoja wa waliomwonyesha Gillespie njia. Yeye alieleza kwamba alimsikiliza Coleman akiwa amelewa na akamsikiliza akiwa hajaonja tone, na hata akapiga pamoja naye. Na baada ya yote hayo akaona kwamba kijana anafanya mzaha. Hukumu yake, kwa sikio langu, ilikuwa kosa. Lakini tazama kazi aliyoifanya kabla ya kuitoa! Alirudi. Alibadilisha hali yake mwenyewe ili ahakikishe kwamba ila haimo ndani yake. Alipanda jukwaani na ala yake. Ni wangapi kati ya waliomsifu Coleman juma lile waliojitaabisha hivyo? Five Spot ulikuwa ukumbi wa wachoraji na washairi. Kupenda kisichoeleweka ilikuwa sehemu ya adabu za mahali hapo. Yamkini wapo waliopiga makofi kwa kuwa meza ya jirani inapiga makofi. Sifa ya namna hiyo haimsaidii msanii. Humwacha peke yake kama kuzomewa kunavyomwacha, ila kwa sauti tamu zaidi.

Anayenivutia kupita wote ni Charles Mingus. Yeye alikuwa mpiga besi na mtunzi mkubwa, tena mwenye ulimi mkali. Mwaka wa 1960 alieleza maoni yake, na maoni hayo yanakwenda pande mbili kwa wakati mmoja. Anatilia shaka iwapo Coleman anaweza kupiga ngazi rahisi ya noti kwa usahihi. Papo hapo anakiri kwamba usiku mmoja santuri ya Coleman ilipopigwa redioni baina ya nyingine, hizo nyingine zote zilisikika zimechakaa. Hakuziondoa kauli hizo mbili, aliziacha zigombane. Mhadhiri wa tahakiki angemwandikia pembeni kwa wino mwekundu kwamba hoja yake inajipinga. Mimi ningempa alama za juu. Ndivyo masikio ya mtu mwaminifu yanavyokuwa anapokutana na jambo asilolijua: ujuzi wake unasema hili, ngozi yake inasema lile, naye hana haraka ya kunyamazisha lolote.

Haifai pia tuwasahau waliochukia kwa sababu ya tumbo. Wanamuziki wengi wa New York walikuwa Weusi waliopanda ngazi ile kwa jasho, usiku hata usiku, wakifukuzwa majukwaani walipokuwa wachanga mpaka wajue kila mfuatano katika kila ufunguo. Kisha anatokea mtu wa Texas, waandishi wamekwisha kumvika taji, naye hapigi hata ile mifuatano waliyoitolea ujana wao. Iwapo huyu ni bingwa, basi miaka yao ilikuwa ya nini? Swali hilo si la wivu mtupu. Ni swali la fundi seremala anayeona meza isiyo na pembe ikinunuliwa kwa bei kubwa. Laiti wale waliomtetea Coleman wangelijibu kwa upole badala ya kuwaita wakongwe hao mabaki ya zamani, huenda chuki ingepungua. Wakati mwingine watetezi wa msanii mgeni humchongea zaidi kuliko maadui zake.

Tunajua yaliyofuata. Coltrane, ambaye mwaka wa 1957 alikuwa amepiga katika ukumbi huohuo wa Five Spot pamoja na Thelonious Monk, alimfuata Coleman akajifunza kwake, na alipofariki mwaka wa 1967 Coleman alikuwa miongoni mwa waliopiga kwenye mazishi yake. Mnamo Desemba 1960 Coleman alirekodi albamu ya Free Jazz, na jina hilo likawa jina la mkondo mzima. Mwaka wa 2007 alipewa Tuzo ya Pulitzer ya muziki kwa albamu yake ya Sound Grammar. Alifariki Juni 2015, akiwa na umri wa miaka 85, akiwa ameheshimiwa na karibu kila mtu.

Ni rahisi kuutumia mwisho huu kama rungu: mnaona, waliocheka waliaibika! Sikubaliani na hoja hiyo. Tuzo iliyotolewa baada ya miaka 48 haiwezi kumwambia mtu aliyeketi kwenye meza yake mwaka wa 1959 asikie nini. Yeye hakuwa na miaka hiyo mkononi. Alikuwa na kinywaji, masikio na saa mbili. Isitoshe, wapo wageni wengi waliozomewa ambao hawakuwa Coleman, na muziki wao haukuwa na kitu. Kama tutamwambia kila msikilizaji, "Nyamaza, huenda huyu ni bingwa wa kesho," tutakuwa tumemnyang'anya haki ya kuhukumu, na sanaa isiyohukumiwa hunyauka. Ninachodai ni kidogo kuliko hicho, na nahisi ni kigumu zaidi: kwamba asikilize wimbo mpaka ukome.

Nilisema nitarudi kwa washairi wetu. Mwaka wa 1954 Sheikh Amri Abedi alichapisha Sheria za Kutunga Mashairi na Diwani ya Amri, na kina na mizani vikapata katiba. Miaka ishirini baadaye, 1974, Euphrase Kezilahabi akatoa Kichomi. Alikuwa na umri wa karibu miaka 30, karibu sawa na wa Coleman alipoingia New York. Mgogoro uliozuka baina ya wanamapokeo na wanamabadiliko sina haja ya kuusimulia. Umekuwa swali la mtihani kwa vizazi vya wanafunzi, na kila mmoja wetu ana majibu yake yaliyokaririwa. Ninalotaka kulionyesha ni kwamba mashtaka yalikuwa yaleyale. Hajui kanuni, ndiyo maana anazikwepa. Hicho si shairi, ni nathari iliyokatwakatwa. Ameiga ya wageni. Badala ya neno "kina" weka "mfuatano wa mafungu ya noti" na utadhani umeketi kwenye kaunta ya Five Spot. Upande wa wanamabadiliko nao ulikuwa na watetezi wasiosoma, walioshangilia kila mstari mfupi kwa sababu tu ulikuwa mfupi. Hapa Kenya, Alamin Mazrui na Kithaka wa Mberia waliitumia njia huru kwa namna zao, na bado namsikia mwanafunzi akisema, kwa kiburi cha mtu aliyehesabu mizani kwa vidole, kwamba hayo hayamhusu. Je, ameyasoma mpaka mwisho? Mara nyingi ameisoma orodha ya bahari za ushairi, basi.

Na mwanafunzi huyo, niseme ukweli, nilikuwa mimi.

Katika mwaka wangu wa pili chuoni tulikuwa na jioni ya ushairi, katika ukumbi wa mihadhara ambao taa zake mbili zilikuwa zimeungua. Watungaji wa tarbia na takhmisa walipita, tukaitikia, tukapiga makofi kwenye vina. Kisha akapanda dada wa mwaka wa kwanza. Hakuimba, alisoma. Mistari yake haikuwa na kina wala urefu uliolingana. Ilihusu, nadhani, nguo za marehemu zilizoanuliwa na mtu asiyejua azipeleke wapi. Nasema nadhani kwa kuwa sikufika mbali. Kwenye ubeti wa pili, kama ulikuwa ubeti, mtu nyuma yangu alipiga mluzi. Mwingine akauliza kwa sauti iwapo hiyo ni orodha ya dobi. Ilikuwa kauli ya kuchekesha, na mimi nilicheka. Nilicheka kwa nguvu, kwa kuwa nilikuwa na sifa ya kuijua arudhi na nilitaka ijulikane kwamba nimeng'amua kasoro. Yule dada alisoma mistari mingine miwili, akaikunja karatasi, akashuka. Mwenye kuendesha shughuli akasema neno la mzaha, tukaendelea.

Miaka kadhaa baadaye, mhadhiri mmoja alitutaka tusikilize kazi yoyote ya sanaa tusiyoielewa na tuandike kurasa mbili kuihusu. Nilichagua albamu ya Coleman ya mwaka wa 1959, The Shape of Jazz to Come, nikaicheza kwenye simu bwenini. Wimbo wa kwanza ni Lonely Woman. Ngoma zinakimbia, besi inakokota miguu, na juu yake saksofoni na tarumbeta zinalia lahani moja ya polepole isiyofuata kasi ya yeyote. Mwenzangu wa chumbani aliuliza kama bado wanajaribu ala kabla ya kuanza. Nilicheka tena. Kisha, kwa kuwa kazi ilikuwa ya alama, nikalazimika kuucheza mara ya pili, na ya tatu. Katika mara ya tatu hivi nilianza kusikia kwamba kasi zile mbili zinapatana mahali fulani, kama waombolezaji wanaotembea kila mmoja kwa hatua yake nyuma ya jeneza moja. Sikuwa nimepewa ufunguo wowote. Wimbo ulikuwa uleule. Kilichobadilika ni kwamba hapakuwa na mtu wa kumchekea, maana mwenzangu alikuwa amelala.

Nikamkumbuka yule dada na nguo zake za marehemu. Huenda shairi lake lilikuwa baya. Wanafunzi wa mwaka wa kwanza huandika mashairi mabaya. Niliandika mengi, yote yenye kina na mizani. Huenda lilikuwa zuri. Mimi siwezi kusema, na hilo ndilo linalonisumbua: nilitoa hukumu juu ya kazi ambayo mpaka leo siijui inavyokwisha. Roy Eldridge alikuwa na haki ya kusema ni mzaha. Mimi sikuwa nayo.

Nilimwona mara moja tu baada ya hapo, kwenye foleni ya maktaba, kabla sijahitimu. Nilitaka kumwomba anionyeshe ile karatasi. Alikuwa ameshika vitabu vya uchumi, akaniamkia kwa adabu kama mtu anayemwamkia asiyemfahamu, na foleni ikasonga.

Jioni ya ushairi ya chama bado hufanyika kila muhula, na orodha ya watakaosoma hubandikwa karibu na ofisi ya idara. Juma lililopita nilipita hapo nikaihesabu: majina kumi na manne. Kumi na mawili yameandika pembeni aina ya bahari watakayoitumia. Wawili hawakuandika kitu.